Mgeni wa Makundini na Neno Lililobaki

Ukisafiri mpaka ukachoka, kisha ukaongeza siku moja, utafika nchi ya Makundini. Bi Sikitu alifika huko akiwa na miaka sitini na sita, begi moja, na furushi la dagaa alilomchukulia wifi yake. Alikuwa amemwahidi marehemu mumewe kwamba ipo siku atakwenda kumtazama Bi Ndalu, dada wa marehemu, aliyeolewa huko zamani. Ahadi ilikaa miaka tisa. Alipoitimiza, Bi Ndalu alimpokea mlangoni na mikono yenye povu la sabuni, akamkumbatia hivyo hivyo, na mgongo wa Bi Sikitu ukabaki na alama mbili za maji ambazo hakutaka kuzifuta.

Bi Ndalu alikuwa mfuaji wa jezi katika Chuo cha Kilimo, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja. Jezi za Kilimo ni za kijani, na uani kwake kulikuwa na kamba sita zilizojaa jezi hizo siku zote, hata ukitoka nje asubuhi ungedhani umeingia kwenye shamba la mahindi. Ng'ambo ya mto Kijeru, mahali ambapo mtu akiita kwa nguvu anasikika, palikuwa na Chuo cha Sheria, chenye jezi nyeupe. Jimbo zima la Kijeru lilikuwa na vyuo hivyo viwili tu, na vilikuwa watani wa jadi. Watu wa Kilimo waliwaita wenzao Wala Karatasi. Watu wa Sheria waliwaita wenzao Wanuka Samadi. Majina hayo yalitumika sokoni, msibani, hata kwenye barua za harusi, na hakuna aliyeyakasirikia.

Siku ya kwanza tu Bi Sikitu alimwona mzee mmoja mrefu akivuka daraja akiwa amebeba mfuko wa sabuni ya unga. Alisimama nje ya ua, akauliza kama Wanuka Samadi wameamka au bado wanalala na ng'ombe wao. Bi Ndalu, bila kuinua kichwa kwenye beseni, akamjibu kwamba wameamka zamani na wamekwisha kunywa chai, tofauti na wengine wanaostaftahi kwa madaftari. Mzee akaweka sabuni juu ya ukuta, akasema imeokotwa njiani, akaondoka.

"Huyo ni Mzee Lukindo," Bi Ndalu alimwambia wifi yake. "Ndiye kiongozi wa washangiliaji wa Sheria. Kila mwezi anaokota sabuni njiani. Mtu mwenye bahati sana."

Bi Sikitu alicheka. Kwao pia kulikuwa na utani wa namna hiyo kati ya kabila na kabila, na aliujua vizuri. Alijua kwamba mtani ndiye anayekutukana harusini na ndiye anayekuja wa kwanza kwako siku ukifiwa. Jambo hili, kwamba alijua, ndilo lililomtesa baadaye.

Utani wa Kijeru ulikuwa na utaratibu wake. Kila mwaka vyuo viwili vilicheza Mechi ya Mto, na mechi ikiisha, kiongozi wa upande mmoja alisimama mbele ya upande wa pili akawatukana. Matusi yalikuwa marefu, na jinsi yalivyozidi kuwa marefu ndivyo yalivyoonyesha heshima. Mwisho kabisa, watu wakiwa wamekwisha kucheka mpaka wanajifuta machozi, alisema neno moja la wema, fupi, la kweli, kisha akaketi. Neno hilo lilifunga utani wa mwaka. Halikusemwa mapema wala halikusemwa mahali pengine. Mtu aliyeanza na sifa alihesabiwa kuwa hana adabu, kama mgeni anayeingia jikoni na kufunua sufuria kabla ya salamu.

Sasa nchi ya Makundini, kama jina lake, ilipenda sana kupanga watu kwenye makundi, na vyuo vyote vilipangwa kwenye ligi. Bi Sikitu alijitahidi kuzielewa ligi hizo. Ligi ya Kumi ilikuwa na timu kumi na nane. Ligi ya Pwani ilikuwa ya vyuo vya milimani, na wachezaji wake wengi hawakuwahi kuonja maji ya chumvi. Ligi ya Kaskazini iligawanyika sehemu mbili, ya Kusini na ya Magharibi. Alipouliza sababu, watu walimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyeuliza kwa nini Jumanne inaitwa Jumanne.

Kila baada ya miaka michache Baraza la Makundi lilizivunja ligi na kuzipanga upya. Zamani lilipanga kwa ujirani, walio karibu wakacheza na walio karibu, wakarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Lakini baadaye liliundwa Idara ya Macho, na tangu hapo ligi zikapangwa kwa idadi ya macho yanayotazama kila timu. Chuo chenye macho mengi kiliwekwa pamoja na vingine vyenye macho mengi, hata kama viko pembe nne za nchi. Bi Sikitu alimwona binti mmoja wa mbio fupi aliyesafiri siku nne kwenda kukimbia sekunde kumi na nne. Alirudi miguu ikiwa imevimba kwa kukaa kwenye gari.

Ofisa wa Idara ya Macho alikuja Kijeru kuhesabu. Alikuwa mtu mstaarabu, aliyevua viatu kabla ya kukanyaga mkeka wa Bi Ndalu. Aliwaeleza kwamba macho yanayohesabiwa ni yale yanayotazama kwa mbali, kwenye vioo vya majumbani. Bi Ndalu akamwuliza vipi kuhusu watu elfu sita wanaokuja uwanjani kwa miguu.

"Hao wamekwisha kuja, mama," alisema ofisa. "Mtu anayekuja hata asipoitwa, kumhesabu ni kupoteza wino."

Kwa hiyo Chuo cha Sheria, ambacho wahitimu wake wametawanyika nchi nzima na wana vioo, kilipata macho laki mbili. Chuo cha Kilimo, ambacho wahitimu wake wako mashambani mwao hapo hapo jimboni na huja wote uwanjani, kilipata macho sabini na tatu. Bi Sikitu alishangaa idadi isiyogawanyika kwa mbili. Ofisa akamweleza kwamba kuna mzee mmoja ana mtoto wa jicho.

Tangazo lilitoka juma lile lile. Sheria itahamia Ligi ya Kumi. Kilimo, kwa kukosa macho, itawekwa itakapoonekana inafaa. Na kwa kuwa timu za ligi mbili tofauti haziruhusiwi kukutana bila kibali cha ligi zote mbili, Mechi ya Mto, iliyochezwa miaka themanini na mbili, isingekuwepo tena.

Bi Ndalu alilisoma tangazo akiwa amesimama, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni mwa aproni, akarudi kwenye beseni. Bi Sikitu aliona kwamba alifua jezi moja ile ile mara tatu.

Ilibaki njia moja, na Bi Sikitu aliposikia habari zake aliona kwamba ilikuwa sheria nzuri kuliko zote za nchi ile. Iliitwa Sheria ya Mpinzani. Ilisema kwamba chuo chenye macho machache kinaweza kubaki ligi moja na jirani yake ikiwa mpinzani wake atakuja mbele ya Baraza na kutaja wema mmoja aliotendewa nacho. Wema mmoja tu. Na lazima aseme mpinzani, kwa sababu rafiki husifu bure. Mpinzani akitaja wema huo, vyuo vyote viwili vinawekwa pamoja, macho yasitazamwe tena.

Lakini aliyesema alijitia hatarini, maana macho yake mwenyewe yangehesabiwa upya, na huenda akashushwa. Kwa sababu hiyo sheria hiyo ilikuwa haijatumika kwa miaka ishirini.

Wanafunzi wa Sheria walikutana kwenye ukumbi wao kujadili jambo hilo, na mjadala wao ulisikika ng'ambo. Wapo waliosema wazi kwamba Ligi ya Kumi ni heshima kubwa na mtu haiachi heshima kwa ajili ya watu wanaonuka ng'ombe. Wapo waliosema kwamba watachoka kuwatukana watu wasiowajua. Binti mmoja alisimama akauliza, ikiwa Kilimo haipo, wao watajuaje kwamba wameshinda. Walipopiga kura, waliotaka kusema walizidi kwa watu kumi na mmoja. Wakamchagua Mzee Lukindo awe msemaji. Asubuhi iliyofuata alivuka daraja, akamwambia Bi Ndalu kwamba ametumwa kwenda kuwatetea Wanuka Samadi, na kwamba ataziba pua.

"Usiende na hilo koti," Bi Ndalu alimwambia. "Lina doa la wino. Watadhani tumekosa hata mtu wa kututetea. Lilete."

Alilifua, akalipiga pasi mwenyewe, na Bi Sikitu akamwona akichoma sindano kwenye kifungo kilicholegea.

Baraza lilikaa kwenye jumba lenye ramani kubwa ya nchi iliyotundikwa kichwa chini, kwa sababu mwenyekiti aliyeitundika alikuwa mkubwa mno kuweza kurekebishwa. Kabla ya shauri la Kijeru wajumbe walijadili kama ujirani ni kigezo au ni bahati mbaya. Mmoja alisema umbali ni mzuri kwa vijana kwa sababu unawazoeza upweke. Mwingine alipendekeza kwamba, kama tatizo ni mto, mto uhamishwe. Pendekezo hilo lilipelekwa kwenye kamati.

Kulikuwa na desturi moja zaidi. Kila shauri lilihitaji mgeni mmoja, asiye wa nchi ile, wa kuthibitisha kwamba maneno yameandikwa kama yalivyosemwa. Siku ile mgeni alikuwa Bi Sikitu peke yake. Karani, mwanamke mwenye miwani na sauti ya taratibu, alimletea kiti chenye mto, akamwuliza kama anajua kuandika au ataweka dole gumba. Bi Sikitu akamwambia anajua. Alikuwa amejifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni la kina mama, na katika vitu vyote alivyokuwa navyo duniani, mwandiko wake ndio aliouonea fahari.

Mzee Lukindo alisimama na koti lake jeupe kwa usafi. Mezani kulikuwa na kopo la maji lililotobolewa tundu. Maji yakiisha, kengele inagongwa, na muda wa msemaji umekwisha. Alipoinua mkono kuwasalimu wajumbe, mkono wa koti ulirudi nyuma kidogo, na Bi Sikitu akaona kitambaa cha kijani kimefungwa kwenye kifundo cha mkono. Hakuna mwingine aliyekiona.

"Waheshimiwa," alisema Mzee Lukindo, "watu hawa nawajua, na ningetamani nisingewajua. Wananuka. Wananuka hata wakitoka kuoga, maana huoga mtoni, na ng'ombe wao wamesimama upande yanakotoka maji. Bendera yao ina jembe kwa sababu hawakupata mtu wa kuwachorea simba. Mwalimu wao wa mpira hupanga timu kama anavyopanda mahindi, wawili kila shimo, halafu anakaa anangoja mvua."

Bi Sikitu aliinamisha uso asicheke. Upande wa wasikilizaji, watu wa Kilimo walikuwa wameanza kutikisika mabega. Bi Ndalu alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mzee Lukindo aliendelea. Alisema juu ya golikipa wa mwaka jana aliyekuwa akisalimiana na mbuzi mpira ukapita. Alisema juu ya wimbo wao wa chuo, ambao hata wenyewe huanza kuuimba kwa matumaini na kuumaliza kwa aibu. Alisema juu ya mfuaji wao wa jezi, mama mmoja ambaye husugua kwa hasira mpaka namba za mgongoni zinafutika, hata ukiwaona wachezaji kwa nyuma hujui nani ni nani, na hata kwa mbele si hasara kubwa. Alikuwa hajawahi kusema vizuri kama siku ile. Aliwaheshimu sana. Kila mtu wa Kijeru aliyekuwa ukumbini alijua kwamba neno linalokuja, kwa matusi yale, litakuwa kubwa.

Wajumbe hawakucheka. Waliandika.

Kisha Mzee Lukindo akanyamaza, akashusha pumzi, akabadilisha sauti. Alifungua mdomo. Na kengele ikagongwa.

Mwenyekiti alimshukuru, akamwomba akae. Mzee alibaki amesimama, mdomo bado wazi, mkono umenyooka kuelekea kopo tupu, kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa ameshika zawadi. Alipojaribu kusema, askari wa mlangoni alimgusa bega kwa heshima.

Karani alimgeuzia Bi Sikitu karatasi. Kulikuwa na maswali mawili. La kwanza liliuliza kama maneno yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa. Bi Sikitu alisoma polepole, akifuata kwa kidole. Samadi ilikuwemo. Mbuzi alikuwemo. Yote yaliandikwa kwa uaminifu, na yakiwa pale kwenye karatasi, bila ile sauti, yalikuwa matusi matupu. Aliandika, Ndiyo.

"Mwandiko mzuri sana, mama," karani alisema, na alisema kweli, si kwa kubembeleza. "Wasomi wetu wanaandika kama kuku."

Bi Sikitu akaona haya, akafurahi. Swali la pili liliuliza, Je, kuna lililobaki?

Aliinua macho. Mzee Lukindo alikuwa anamtazama. Mdomo wake ulikuwa bado haujafunga vizuri. Nyuma yake kulikuwa na watu wa shauri lingine, wamekwisha kusimama na mafaili yao, na karani alikuwa ameshika kifuniko cha kalamu tayari kuifunika. Bi Sikitu alikuwa mtu aliyelelewa asisumbue. Maisha yake yote alikula kilichowekwa mbele yake, akakaa alipoonyeshwa. Alidhani swali lile linamhusu yeye, kama yeye ana la kusema, na yeye alikuwa nani katika nchi ya watu. Akainama, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, Hakuna.

Hukumu ilisomwa kabla watu hawajatoka. Mpinzani amefika, amesema kwa kirefu, na hakutaja wema hata mmoja. Ushahidi wake umethibitishwa na mgeni.

Walirudi Kijeru. Karani alikuwa amempa Bi Sikitu nakala ya karatasi iwe kumbukumbu, na kesho yake, akiwa amekaa uani kati ya kamba za jezi, aliifungua ili autazame mwandiko wake. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa herufi ndogo ambao jana hakuufikia. Aliusoma mara moja, akarudia akitamka. Mgeni akiandika kwamba kuna lililobaki, kopo litajazwa tena na msemaji ataendelea.

Alikaa na karatasi ile magotini mpaka jua likahama kutoka kamba ya kwanza hadi ya nne. Kisha akamwita wifi yake, akamwonyesha mstari kwa kidole.

"Nilimwona, wifi," alisema. "Nilimwona hajamaliza. Nilijua. Nikaandika hakuna."

Bi Ndalu alisoma. Bi Sikitu alitamani angemgombeza, maana angeomba radhi wakamaliza. Mwishowe Bi Ndalu akavuta shuka kutoka kwenye kamba.

"Shika ncha hiyo," alisema. "Tuikunje."

Wakaikunja, wakikaribiana na kuachana kama wanawake wanavyokunja shuka, na kila walipokaribiana Bi Sikitu aliona macho ya mwenzake yamelowa na mwenzake akaona yake. Bi Ndalu alimwambia asilale na jambo lile kifuani. Alisema hata yeye angeandika hivyo. Bi Sikitu alijua kwamba si kweli, na kwamba alikuwa anapewa zawadi.

Waliulizia rufaa. Dirisha la rufaa, waliambiwa, hufunguliwa siku moja kabla ya hukumu.

Sheria ikaingia Ligi ya Kumi, ambayo sasa ilikuwa na timu kumi na tisa. Kilimo ikawekwa kwenye Ligi ya Waliobaki, ambayo timu yake ilikuwa Kilimo peke yake. Sheria za ligi ziliitaka icheze kila Jumamosi. Mwisho wa msimu timu ya kwanza ingepewa kikombe na ya mwisho ingepewa barua ya onyo, hivyo Kilimo ikaarifiwa ijiandae kupokea vyote viwili. Kuhusu Mechi ya Mto, waliandika kuomba kibali, na ligi zote mbili zikajibu kwa upole kwamba kalenda zimejaa, na nafasi ya karibu ni baada ya miaka kumi na moja.

"Nitakuwa na sabini na tatu," alisema Bi Ndalu. "Lukindo atakuwa na themanini na tano. Labda atakuja akibebwa, anuke na yeye."

Jumamosi ya kwanza Bi Sikitu alikwenda uwanjani na wifi yake. Watu elfu sita wa Kilimo walikuja kwa miguu kama siku zote, wakakaa upande wao. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Timu ilitoka na jezi za kijani zilizopigwa pasi, ikajipanga, ikatazama nusu ya uwanja isiyo na mtu. Mwamuzi akaangalia saa yake.

Ndipo zikasikika ngoma darajani. Watu wa Sheria walikuwa wanakuja. Timu yao wenyewe ilikuwa inacheza siku hiyo mwendo wa siku nne kutoka pale, mechi yake ya kwanza kwenye ligi ya heshima, na wengi wao wangeweza kubaki nyumbani waitazame kwenye vioo. Walikuja na nguo zao nyeupe, Mzee Lukindo mbele, wakaketi upande ule mtupu wakaujaza. Macho yao, kwa kuwa yalikuwa uwanjani, hayakuhesabiwa popote.

Filimbi ilipolia walianza kutukana. Walitukana dakika tisini. Kilimo walipokosa goli wakiwa peke yao uwanjani, walizomewa kwa furaha kubwa. Walipofunga, watu wa Sheria walidai ilikuwa ni kuotea. Bi Sikitu alimwona golikipa akicheka huku anajifuta uso kwa glavu, na hakuwa anajifuta jasho.

Mpira ulipoisha Mzee Lukindo alisimama. Uwanja mzima ukanyamaza, watu elfu kumi, kwa mazoea ya miaka themanini na mbili, wakingoja neno la mwisho. Alifungua mdomo. Alitazama nyasi, ambapo hapakuwa na timu ya pili. Hii haikuwa Mechi ya Mto. Akafunga mdomo, akaketi, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, taratibu.

Juma la mwisho la safari yake Bi Sikitu alimfuata Mzee Lukindo hadi darajani. Alimwamkia, ingawa hawakupishana sana kwa umri, kwa sababu alihisi mzee anastahili heshima hiyo. Alimweleza habari ya mstari mdogo. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea ukingo.

"Dada yangu, kosa ni langu," alisema. "Niliwatukana kwa raha mno. Nililiona lile kopo. Nilijiambia bado kidogo, bado la mbuzi, bado la mfuaji."

"Ungeanza na lile jema."

"Nianze nalo vipi? Mbele ya watu wote wale? Bi Ndalu angeona haya kunifulia koti."

Bi Sikitu akamwuliza lilikuwa neno gani. Mzee akasema kwamba Bi Sikitu ni mgeni, hayumo kwenye utani, kwake linaweza kusemwa bila kufunga kitu, ila asimpelekee Ndalu, maana Ndalu lazima alisikie uwanjani.

"Mwaka wa mafuriko," alisema, "maji yaliingia kwetu mpaka madirishani. Hawa watu walitupatia vitanda vyao. Siku arobaini walilala ghalani juu ya magunia ya mahindi, sisi tukalala kitandani. Na mwaka ule kwenye mechi walitufunga manne. Ni hilo tu nilitaka kusema."

Bi Sikitu alisimama pale darajani akilipima neno lile. Lilikuwa fupi. Kopo lisingehitaji hata kujazwa nusu.

Asubuhi ya kuondoka, Bi Ndalu alimfungia mikate ya kumimina kwenye jezi kuukuu ya kijani, namba ya mgongoni imefutika. Walikuwa wamekaa wanangoja muda wa safari, begi katikati yao.

"Ulikwenda kwa Lukindo," alisema Bi Ndalu.

"Nilikwenda."

"Alikwambia?"

"Aliniambia. Amenikataza nisikwambie."

"Usiniambie."

Bi Ndalu alilivuta beseni, akachovya jezi, akaanza kusugua. Alisugua kwa muda, kisha mikono ikapunguza mwendo.

"Ni vile vitanda?"

Bi Sikitu alitazama mto. Hakujibu, na kwa mara ya kwanza katika nchi ile alinyamaza mahali panapostahili.

"Havikuwa hata vitanda vizuri," Bi Ndalu alisema. "Vilikuwa na kunguni." Akainamisha kichwa, akarudi kusugua jezi ile ile aliyokuwa nayo, na hakuinua uso mpaka wifi yake alipofika darajani na kugeuka kumpungia mkono.